Mpira wa Mzee na Nauli ya Kurudi

Mjini Arusha ukimwambia kijana kwamba mzee fulani ana mpira, atakuuliza mzee ni wa Simba au wa Yanga. Mwenye miaka 65 hatauliza. Yeye anaujua mpira wa pili, ule mrija unaopitishwa kwenye njia ya mkojo mpaka kibofuni, ukazuiliwa humo na kiputo kidogo kilichojazwa maji, na kumwaga mkojo kwenye mfuko unaofungwa pajani. Huvaliwa chini ya suruali pana, chini ya shuka, chini ya koti la baridi ya Julai. Ukipanda hiace ya Tengeru asubuhi ya ukungu unaweza kukaa ubavuni mwa aliyeuvaa na usijue. Umbo tunaloliona leo lilibuniwa na Mmarekani Frederic Foley katika miaka ya 1930, na tangu hapo halijabadilika sana.

Kisa cha mpira huanza namna moja. Tezi dume, inayokaa chini ya kibofu na kuikumbatia njia ya mkojo, hukua kadiri mwanamume anavyozeeka. Kwa miaka kadhaa anaamka usiku mara tatu, mara nne, anasimama chooni akisubiri, anadhani ni umri tu. Kisha usiku mmoja mkojo unagoma kabisa. Hospitalini anawekewa mpira, anapata nafuu ambayo hajawahi kuipata maishani, na anaambiwa arudi apangiwe upasuaji. Tangu hapo siku zake zinahesabiwa kwa mpira. Ule wa kawaida wa lateksi hutakiwa kubadilishwa baada ya wiki 4 hivi. Wa silikoni unaweza kufika wiki 12. Mzee naye anasubiri fedha, anasubiri mtoto aliyeko Dar, anasubiri mahindi yavunwe. Jirani yangu mmoja huku Umeru alikaa nao misimu miwili ya mavuno. Alikuwa akisema ameshauzoea kama saa ya mkononi. Mimi nadhani alikuwa amechoka kwenda na kuambiwa njoo tena.

Si kwamba tunaishi jangwani. Mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru na kuna ile ya Kilutheri, ALMC. Ngaramtoni kuna Selian. Na ukishuka barabara ya Moshi kilomita 80 hivi unafika KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, yenye taasisi yake ya upasuaji wa mfumo wa mkojo. Taasisi hiyo imefundisha mabingwa wa nchi nyingi za ukanda huu, na wapasuaji wa Uingereza, kupitia kundi lao la Urolink, wamekuwa na uhusiano nayo kwa miaka mingi. Elimu ipo karibu. Swali ni elimu mpya inayotoka huko duniani inamkutaje mzee wa hiace.

Utafiti wa fani hii katika miaka kumi na kitu iliyopita naugawa mafungu mawili. La kwanza linapendwa na magazeti. Juni 2025 daktari Vipul Patel, akiwa Florida, aliongoza roboti kupitia mtandao na kumfanyia upasuaji wa tezi dume mgonjwa aliyelala Angola. Picha zilisambaa, na sina sababu ya kuubeza ufundi ule. Fungu la pili halina picha. Ni tafiti ndefu zilizogawa wagonjwa kwa bahati nasibu na kuuliza swali la kibahili: katika haya yote tunayomfanyia mgonjwa, kipi tukikiacha hataumia? Majibu yamekuwa ya kustaajabisha. Sindano chache, visu vichache, siku chache za mpira, hata vidonge vichache. Kwa anayekaa chini ya Mlima Meru, fungu hili la pili ndilo lenye mali. Ila lina sharti, nalo limeandikwa kwa maandishi madogo kama yale ya nyuma ya tiketi ya basi: mgonjwa arudi kliniki.

Tuanze na roboti yenyewe, maana ndiyo inayotamanisha wanasiasa. Mjini Brisbane, Australia, wanaume 326 wenye saratani ya tezi dume waligawiwa makundi mawili, wengine wapasuliwe kwa mkono kwa njia ya zamani, wengine kwa roboti. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016, na ya miaka miwili yakafuata mwaka 2018. Wa roboti walipoteza damu kidogo zaidi na walitoka hospitali mapema kidogo. Lakini kwenye mambo mawili yanayomkosesha mwanamume usingizi, yaani kubana mkojo na nguvu za kiume, makundi yalikaribiana mno. Mkono wa fundi aliyezoea ulikuwa bado haujapitwa.

Leza nayo ilipata kipimo chake. Hospitali 7 za Uingereza ziliwachukua wanaume 410 wenye tezi dume iliyovimba bila saratani, nusu wakatibiwa kwa leza ya thuliamu, nusu kwa njia ya kukwangua tezi kupitia njia ya mkojo, njia ambayo mabingwa wetu huiita TURP. Matokeo yakatoka mwaka 2020 katika jarida la Lancet. Dalili zilipungua sawasawa. Nguvu ya mkojo kutoka ilikuwa bora kwa waliokwanguliwa. Siku za kulala wodini na haja ya kuongezewa damu hazikutofautiana. Mtambo wa zamani ulitetewa na hesabu.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndani ya TURP kuna badiliko dogo ambalo halijawahi kuandikwa gazetini, na kwangu lina uzito kuliko roboti. Katika upasuaji huu, mgonjwa akiwa amechomwa ganzi ya mgongo, bingwa hupitisha chombo chembamba chenye kamera na kitanzi cha waya kinachokata nyama kwa umeme. Maji lazima yatiririke muda wote ili aone. Mtambo wa mtindo wa kale ulitaka maji yasiyopitisha umeme, mara nyingi yenye glisini, ambayo ni ghali, na yakiingia kwa wingi kwenye damu hushusha chumvi mwilini mpaka mgonjwa akachanganyikiwa au akapoteza maisha. Kwa hiyo bingwa alikimbizana na saa. Mtambo mpya, ambao umeme wake unazunguka kwenye ncha mbili za kitanzi kilekile, hukubali maji ya chumvi ya kawaida, yaleyale ya dripu. Hatari ile inaondoka, bingwa anafanya kazi bila pupa, mwanafunzi wake anapata nafasi ya kushika chombo. Ningekabidhiwa bajeti ya kanda hii, ningenunua mtambo huo na akiba ya vitanzi vya kutosha, na nihakikishe tezi kubwa sana inaendelea kutolewa kwa kufungua tumbo kwa njia aliyoieleza Terence Millin mwaka 1945, kabla sijapokea simu ya muuza roboti.

Saratani ni habari nyingine, na hapo ndipo hesabu za Ulaya zinapoanza kututeleza.

Kwenye vijiwe vya Kilombero na Ngarenaro tezi dume huzungumzwa kwa kicheko, na kicheko chenyewe kinahusu kidole. Kila mwanamume amesikia kwamba daktari atavaa glavu na kumpima kwa njia ya haja kubwa, na wengi wameapa kwamba hilo halitawapata wakiwa hai. Basi utafiti umewapa nusu ya ushindi. Ujerumani, katika mpango uitwao PROBASE, wanaume zaidi ya 6,500 wenye miaka 45 walipimwa kwa kidole bila kuwa na dalili yoyote. Walioonekana wa kutilia shaka walikuwa 57, na saratani zilizopatikana kwa hao zilikuwa 3 tu. Kwa mtu asiye na dalili, kidole ni kipimo dhaifu. Kipimo cha damu cha PSA kinaona zaidi. Lakini huo ni ushindi nusu: mzee anayefika akikojoa kwa tabu, mgongo unauma, amekonda, bado anahitaji kidole, kwa sababu saratani iliyokomaa huhisika ngumu kama jiwe, na kidole hakiombi umeme wala kitendanishi. Huku kwetu wengi hufika katika hali hiyo. Kijiwe kingejua tofauti hii kingecheka kidogo na kupima mapema zaidi.

PSA yenyewe ina hadithi ndefu. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliofuatilia wanaume zaidi ya 160,000 kwa miaka 23 ulitoa matokeo yake ya mwisho mwaka 2025: vifo vya saratani ya tezi dume vilipungua kwa asilimia 13 kwa walioalikwa kupimwa, sawa na kifo 1 kuepukwa kwa kila wanaume 456 walioalikwa. Ni faida ya kweli. Ni faida inayokuja polepole pia, na njiani huwatia watu wengi wasiwasi bure, kwa kuwa PSA hupanda hata kwa tezi iliyovimba tu au kwa maambukizi. Zamani kila aliyepanda alichomwa sindano za kuchukua vinyama, kupitia ukuta wa njia ya haja kubwa, na baadhi walirudi nyumbani na homa kali ya bakteria.

Picha ndiyo iliyokata mnyororo huo. Mwaka 2017 utafiti wa PROMIS, wa wanaume 576 nchini Uingereza, ulionyesha kwamba mgonjwa akianza na picha ya MRI, zaidi ya robo ya wanaume wangeweza kuepuka sindano kabisa. Tatizo likawa MRI yenyewe: dakika 30 hadi 40 ndani ya mtambo, dawa ya kung'arisha inayochomwa mshipani, na daktari wa picha aliyebobea. Mwaka 2025 ukaja utafiti wa PRIME, wa nchi 12, uliowachukua wanaume 490 na kusoma picha zao kwa namna mbili, moja kamili, nyingine fupi isiyo na dawa ya mshipani. Saratani za kutishia zilionekana kwa asilimia 29 kwa namna zote mbili. Picha fupi inachukua dakika 15 hadi 20. Kwa mtambo mmoja unaogombaniwa na wagonjwa wa kichwa, mgongo na goti, maana yake ni watu wawili pale alipoingia mmoja, na hakuna chupa ya dawa ya kuagiza. Na kuhusu uhaba wa wasomaji wa picha, mwaka 2024 programu ya akili bandia ilishindanishwa na madaktari 62 wa picha kutoka nchi 20 na ikawapita kidogo kuiona saratani hii. Sitaki kulishangilia hilo kupita kiasi. Programu ilifundishwa kwa picha za hospitali zenye mitambo mizuri, na mtu wa kumweleza mzee kilichoonekana bado atahitajika.

Halafu kuna utafiti ninaoupenda kuliko yote, ProtecT wa Uingereza. Wanaume 1,643 waliogundulika kwa PSA kuwa na saratani ambayo haijatoka ndani ya tezi waligawiwa: wengine wakatolewa tezi, wengine wakapigwa mionzi, wengine wakaachwa wakifuatiliwa tu. Baada ya miaka 15, waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa asilimia 2.7 kwa jumla, na tofauti kati ya makundi ilikuwa ndogo mno. Wachache hufa, kwa njia yoyote. Madaktari wengi duniani wamejifunza hapo kusubiri, na wagonjwa wengi wamebaki na mkojo wao na ndoa zao.

Ukiisoma kwa haraka ukiwa Arusha utasema: vizuri, basi tusubiri. Isome polepole. Kwanza, karibu wote walioshiriki walikuwa Wazungu, wakati wanaume wenye asili ya Afrika wanajulikana kuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya saratani hii. Pili, walikamatwa mapema na kipimo cha damu, si baada ya mifupa kuanza kuuma. Tatu, na hili ndilo linalonirudisha kwenye hiace, kuachwa kwao kulikuwa na kazi kubwa. Waliitwa, wakapimwa damu tena na tena, wakaandikwa. Saratani ilisambaa mwilini kwa asilimia 9.4 ya waliofuatiliwa, karibu mara mbili ya wale waliotibiwa mapema, na kadiri miaka ilivyokwenda zaidi ya nusu yao walihamia kwenye upasuaji au mionzi. Kufuatilia ni tiba inayotumia kalenda badala ya kisu. Mgonjwa asiporudi, alichopewa ni kutelekezwa kwa lugha ya kitaalamu.

Kwa wanaofika wamechelewa, dawa ya kwanza ina umri wa bibi yangu. Mwaka 1941 Charles Huggins wa Chicago alionyesha kwamba saratani ya tezi dume hulishwa na homoni ya kiume, na kwamba ukiondoa korodani saratani hurudi nyuma; mwaka 1966 akapewa Nobeli. Operesheni hiyo bado inafanywa sana nchini, na kwa nini isifanywe? Ni fupi, inafanyika kwa ganzi, na haihitaji kurudiwa kila miezi mitatu kama sindano za bei mbaya zinazofanya kazi hiyohiyo. Lakini mwambie mzee wa Kimeru au wa Kimaasai, mwenye boma na wajukuu, kwamba utamhasi. Neno lenyewe ni la ng'ombe. Nimesikia wauguzi wakilizunguka kwa heshima: "Mzee wangu, tunazima kiwanda kinachoulisha ugonjwa, mengine yote yanabaki kama yalivyo." Sijui utafiti gani ungeweza kupima thamani ya sentensi kama hiyo.

Saratani ikishaizoea hali hiyo, kuna vidonge vya abirateroni, ambavyo Shirika la Afya Duniani liliviingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019. Bei yake imekuwa kikwazo. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti mdogo wa wanaume 72. Nusu walimeza miligramu 1,000 wakiwa hawajala, kama kibandiko kinavyoagiza; nusu walimeza 250 pamoja na kifungua kinywa chenye mafuta kidogo, kwa sababu chakula huipandisha dawa hii kwenye damu mara nyingi zaidi. PSA ilishuka kwa makundi yote bila la pili kuachwa nyuma. Robo ya vidonge. Utafiti ni mdogo na uamuzi wake ni wa daktari, asije mtu akajipimia nyumbani. Lakini ona jinsi ulivyo: mwezi mmoja wa dawa unakuwa minne, na kilichoongezwa ni uji wa asubuhi.

Nitapita haraka kwenye mawe ya figo, kisha nitasimama kwenye maji.

Mwenye maumivu ya ghafla ya ubavu hupelekwa wapi kwanza? Marekani mwaka 2014 wagonjwa 2,759 waligawiwa kati ya altrasaundi na CT. Walioanza na altrasaundi hawakukosewa ugonjwa mkubwa zaidi ya wenzao, na miili yao ilipata mionzi kidogo zaidi, ingawa baadhi walihitaji CT baadaye. Altrasaundi ipo hata kwenye vituo vya pembezoni mwa mji. CT ni safari. Mwaka uliofuata, Uingereza, watu zaidi ya 1,100 wenye jiwe kwenye mrija wa mkojo walipewa tamsulosini, au nifedipini, au kidonge kitupu, ili jiwe lishuke. Baada ya wiki 4, wasiohitaji hatua nyingine walikuwa asilimia 81, 80 na 80. Kidonge kitupu kilitoka sare. Mabingwa bado wanabishana juu ya mawe makubwa, lakini kwa jiwe dogo mgonjwa wa Sanawari anaweza kuiacha fedha yake mfukoni.

Ushauri uliobaki na nguvu ni wa bure: kunywa maji. Waitaliano waliwafuatilia watu 199 waliotoa jiwe la kwanza. Walioambiwa wanywe maji mengi, jiwe liliwarudia asilimia 12 ndani ya miaka 5, na wengine asilimia 27. Sasa peleka ushauri huo Ngarenanyuki, au Ngurdoto, au pale Maji ya Chai ambapo mto wenyewe umepewa jina kwa rangi yake. Miamba ya volkano ya Mlima Meru huyajaza maji madini ya floraidi. Shirika la Afya Duniani linataka lita moja isizidi miligramu 1.5, sisi kwa miongo mingi tuliruhusu maji ya vijijini yenye hadi miligramu 8, kwa sababu mbadala haukuwepo. Meno ya kahawia ndiyo kitambulisho chetu popote tuendapo nchini, na wako wazee ambao mifupa yao imepinda. Floraidi hutolewa mwilini na figo. Figo ikichoka, inabaki. Kuchemsha hakuiondoi, hukoleza tu. Kwa hiyo bingwa anayemwambia mgonjwa "kunywa lita tatu kwa siku" anapaswa kuongeza swali ambalo kitabu cha Waitaliano hakina: maji ya wapi, baba?

Majibu ya swali hilo yamefanyiwa kazi hapahapa. Kituo cha Ngurdoto kimechoma mifupa ya ng'ombe kwa miaka mingi kupata mkaa unaonasa floraidi. Pale Tengeru, kwenye Taasisi ya Nelson Mandela, Askwar Hilonga alitengeneza chujio linaloweza kurekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali, na mwaka 2015 akawa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Mimi nauhesabu huo kuwa utafiti wa figo, hata kama hakuna bingwa wa figo aliyetia saini.

Utafiti wa kwetu umegusa pia UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Hakuna Mtanzania mzima ambaye hajaambiwa ana UTI, na wengi wameambiwa ni "UTI sugu." Kati ya 2018 na 2020 mradi wa HATUA uliwapima wagonjwa zaidi ya 7,500 wenye dalili za UTI Tanzania, Kenya na Uganda, Kilimanjaro ikiwa mojawapo ya maeneo. Mkojo ulipooteshwa maabara, takriban theluthi moja tu ndio waliokuwa na maambukizi yaliyothibitika. Na kwa waliokuwa nayo, bakteria wasiosikia dawa nyingi za kawaida walikuwa tele. Maana yake watu wawili kati ya watatu walikuwa kwenye foleni ya dawa ya ugonjwa ambao maabara haikuuona, na matumizi ya namna hiyo ndiyo yanayowanoa bakteria. Mzee mwenye mpira yuko katikati ya hadithi hii, kwa kuwa mrija ukikaa siku nyingi bakteria hawakosi kuupanda, na kila antibayotiki aliyonunua dukani bila kipimo inambana bingwa siku ya upasuaji.

Nimewasahau wanawake mpaka hapa, kama fani yenyewe ilivyozoea. Utafiti bora kuliko wote juu ya mpira uliwahusu wao. Mwanamke anayepata uchungu pingamizi mbali na hospitali, kichwa cha mtoto kikakaa siku mbili kikikandamiza kibofu, nyama hufa, tundu hufunguka, na mkojo huvuja usiku na mchana. Hiyo ndiyo fistula. Huku kwetu wanatibiwa Ngaramtoni, kwenye kituo cha Kivulini cha shirika la Maternity Africa, ambako amefanya kazi Andrew Browning, mpasuaji Mwaustralia aliyetokea Ethiopia. Yeye mwaka 2004 alieleza jinsi ya kutengeneza mshipi wa nyama za hapohapo kuwakinga wanawake wasiendelee kuvuja hata baada ya tundu kuzibwa. Baada ya tundu kuzibwa, mpira hukaa kibofuni ili mshono upumzike. Ukae siku ngapi? Kwa mazoea ilikuwa 14 na zaidi. Hospitali 8 za Afrika, zikiwemo za Kenya, Uganda na Kongo, ziliwagawa wanawake 524 wenye fistula isiyo ngumu kati ya siku 7 na siku 14. Matokeo ya 2015: mshono ulifumuka kwa asilimia 4 na asilimia 3, tofauti isiyo na uzito. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likapendekeza siku 7 hadi 10.

Fanya hesabu ya kitanda. Kilichokuwa kikihudumia wanawake 2 kwa mwezi kinaweza kuhudumia 4, bila kununua hata kijiko. Na mama aliyetoka Longido anarudi kwa watoto wake wiki moja mapema. Utafiti huu umefanywa Afrika, kwa swali la Afrika, na umebadilisha mwongozo wa dunia nzima. Sijauona ukitangazwa kwenye bango lolote.

Sasa nirudi kwenye maandishi madogo ya tiketi. Kuna wanaosema watu wetu hawarudi kliniki kwa sababu ya umbali. Mwaka 2011 barabara ya Samunge, Loliondo, ilijaa magari ya watu kutoka Tanzania nzima na nchi jirani, wakilala njiani siku kadhaa, ili wanywe kikombe cha dawa ya Babu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Juni 2024 uwanja wa Sheikh Amri Abeid ulifurika watu waliokuja kwenye kambi ya matibabu ya bure. Umbali na foleni havikuwazuia. Kikombe na kambi vina kitu kimoja kinachofanana: unakwenda mara moja. Tiba nyingi bora za utafiti mpya zinataka kinyume chake. PSA ya leo haina maana kubwa bila PSA ya miezi sita ijayo. Mpira wa leo unataka tarehe ya kutolewa. Saratani inayofuatiliwa inataka mfuatiliaji. Safari moja mtu huuza mbuzi. Safari ya saba hana mbuzi, na nyumbani wameanza kuuliza kwa nini anaendelea kwenda wakati anaonekana mzima.

Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam iliutambua mtego huu mapema. Tangu 2009 imekuwa ikituma nauli kwa M-Pesa kwa balozi wa kijijini, ili mwanamke mwenye fistula asafiri na afike bila kumwomba mtu. Ningetamani kuona jambo hilo likijaribiwa Arusha kwa wazee wa tezi dume, kwa ukali uleule wa kisayansi uliotumika Brisbane. Wanaume mia kadhaa waliowekewa mpira au wanaofuatiliwa PSA. Nusu wapewe kadi yenye tarehe, kama ilivyo sasa, na nusu wapewe kadi pamoja na nauli ya kwenda na kurudi siku mbili kabla, na simu ya muuguzi anayewajua kwa majina. Baada ya mwaka tuhesabu: nani alirudi, mpira ulikaa siku ngapi, nani alifika theatre kabla figo hazijafura. Gharama ya mgonjwa mmoja ingekuwa nauli ya hiace kutoka Kikatiti, mara sita.